Punda wa jirani ana kidonda: nimwambie nani?

Msomaji mmoja wa mji wa Lamu ameniandikia hivi: "Assalamu alaikum, daktari. Jirani yetu ana punda watatu wanaobeba matofali na mchanga kutoka gatini hadi kwenye nyumba zinazojengwa. Mmoja ana kidonda mgongoni tangu kabla ya Ramadhani, na bado anapakiwa kila siku. Wawili wengine wamekonda. Anayewaendesha ni kijana wa miaka kama 15, naye huwachapa kwa fimbo wanaposimama. Jirani mwenyewe ni mtu mwema, na watoto wetu wamesoma chuo kimoja cha Kurani. Sitaki kuonekana mfitini. Nitajuaje kama haya ni ukatili au ni hali ya kazi tu, na kama ni ukatili, nimwambie nani?"

Waalaikumu salamu. Umeuliza maswali mawili, la kutambua na la kuripoti, na nitaanza na la kutambua kwa sababu hofu yako ya kuitwa mfitini inatibika hapo hapo. Fitina ni kupeleka habari za mtu. Taarifa ya ukatili, ikiandikwa inavyopaswa, hupeleka habari za mnyama: alionekana wapi, saa ngapi, ana nini mwilini, na amebebeshwa nini. Ukiweza kueleza hali ya punda yule kwa sentensi tano ambazo hakuna hata moja inayotaja tabia ya jirani yako, basi hujafitini mtu.

Tuanze na kidonda. Punda wa Lamu hubeba mizigo kwa shogi, yaani mfuko wa pande mbili unaotandikwa mgongoni, na kidonda kinachotokana na shogi kina sura yake: huwa cha mviringo au cha mviringo uliorefuka, hukaa juu ya uti wa mgongo au pande zake mbili pale mzigo unapoegemea, na kingo zake mara nyingi zimekuwa ngumu na zisizo na manyoya kwa sababu ngozi imekuwa ikisuguliwa, ikipona kidogo, ikasuguliwa tena. Alama za fimbo ni michirizi mirefu, aghalabu sambamba, kwenye makalio, mapajani au shingoni. Alama ya kamba ni pete inayozunguka mguu juu ya kwato, na kamba ikiwa imeachwa siku nyingi utaiona imezama ndani ya nyama. Ninakueleza tofauti hizi kwa sababu kila kidonda kinasimulia chanzo tofauti. Cha shogi kinaonyesha kifaa kibaya au mzigo mzito, cha fimbo kinaonyesha mkono wa mtu, na cha kamba kinaonyesha kusahauliwa.

Kidonda kuwapo si ushahidi wa ukatili, kwa maana mnyama wa kazi ataumia siku moja hata akiwa na mmiliki bora kuliko wote. Kinachohesabika ni kidonda kile kile kuendelea kupakiwa mzigo. Wewe umesema kimekuwapo tangu kabla ya Ramadhani na punda hajapumzishwa hata siku moja. Hilo moja linatosha kujibu nusu ya swali lako, na ukipata picha mbili za punda huyo huyo, zilizopigwa kwa tofauti ya wiki mbili, zitakuwa na nguvu kuliko picha ishirini za siku moja. Tazama pia kama kuna usaha, harufu, au funza. Kidonda kirefu kilichochafuliwa na udongo na kinyesi ndicho mlango wa pepopunda, maradhi ambayo tumeyapa jina la mnyama huyu na ambayo humuua yeye na kumuua binadamu vilevile. Kiswahili kwa jumla hakijamtendea punda wema: tumesema afe mzigo ufike, tukasema shukrani zake ni mateke, na ninashuku kwamba methali hizi zimetufanya tuone mateso yake kuwa sehemu ya maumbile yake.

Mzigo nao unapimika bila mizani. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150, na kipimo kinachotumiwa sana kwa mzigo wa mgongoni ni theluthi moja ya uzito wa mwili, yaani kilo 40 hadi 50. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 ukiacha uzito wa mtungi wenyewe. Kwa hiyo punda aliyebebeshwa mfuko mmoja wa saruji amefika ukomo wake, na aliyebebeshwa miwili, au mitungi minne ya maji, amepita ukomo kwa mbali hata kama anatembea. Mchanga ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu shogi huonekana haijajaa ilhali uzito umeshapita, na mchanga uliolowa maji ya bahari ni mzito kuliko mkavu. Hesabu vipande vya matofali, hesabu mifuko, uandike namba. Usiandike "mzigo mkubwa", maana kila mtu ana ukubwa wake.

Kuhusu kukonda, madaktari wa wanyama hutumia kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 3 ni hali nzuri. Huna haja ya kumgusa mnyama wa mtu ili ukadirie. Punda mwenye hali nzuri mbavu zake hazionekani, ingawa ukipapasa unazihisi. Ukiziona mbavu ukiwa ng'ambo ya kichochoro, ukaona uti wa mgongo umesimama kama mwamba wa paa na mifupa ya nyonga imetokeza, huyo yuko kwenye 1 au amekaribia. Hapo pia kuwa mwangalifu, kwa sababu kukonda kuna sababu nyingi: njaa, minyoo, meno yaliyomea vibaya yanayomfanya ashindwe kutafuna, uzee, na kwa Lamu hasa, plastiki. Punda wenu wengi hufunguliwa jioni wakajitafutie, wakaishia majaani, na wanachokula huko pamoja na maganda ya matunda ni nailoni na kamba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini vifungashio vingine vingi vimebaki. Plastiki hujikusanya tumboni, huziba matumbo, na punda hufa kwa maumivu makali huku mwenyewe akiapa kwamba mnyama wake hula kila siku, na ni kweli hula.

Jambo linalowakosesha watu wengi ni kwamba punda hasemi maumivu yake. Mbwa hulia na paka hujificha, lakini punda husimama. Punda mwenye maumivu hunyamaza, huinamisha kichwa, masikio huanguka pande mbili, macho hufumba nusu, huhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na huacha kuwajali wenzake. Wapita njia humwona ametulia. Nami nilipokuwa nimeanza kazi hii niliwahi kumpita punda wa namna hiyo gatini asubuhi nzima nikiwa na mkoba wa dawa begani, nikidhani amesinzia kwa jua. Alipoinuliwa shogi saa sita ndipo gunia lilipobanduka na ngozi. Tangu siku hiyo, punda anayesimama kimya mno ndiye ninayemwendea kwanza kabla ya anayepiga kelele. Na huyo punda wako anayesimama njiani hadi achapwe, uulize kwanza kwa nini anasimama. Mara nyingi kile kinachoitwa ukaidi wa punda ni mgongo unaouma, kwato zilizopasuka au mimba ya miezi kumi, kwa kuwa punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na wenye pupa huwapakia mizigo hadi mwisho. Inaweza pia kuwa ni mdogo mno. Mifupa ya punda haijakomaa kwa kazi nzito kabla ya miaka 4 hivi.

Sasa, je, haya ni ukatili? Mimi hugawa ninachokiona katika mafungu mawili, si kwa ajili ya kumhukumu mtu bali ili nijue pa kwenda kwanza. Fungu la kwanza ni la asiyejua au asiye na uwezo: shogi imechakaa hana ya kubadilisha, hajui kwamba kidonda kinahitaji wiki kadhaa bila mzigo, anaamini punda hahitaji maji mengi kwa kuwa hustahimili kiu, ilhali siku ya jua na kazi mnyama huyo anaweza kuhitaji lita 20 na zaidi. Fungu la pili ni la anayejua na hajali: ameambiwa, ameonyeshwa, amepewa msaada akaukataa, au anampiga mnyama aliyeanguka, au amemwacha afe kando ya njia kwa sababu hana faida tena. Maumivu ya punda ni yale yale katika mafungu yote mawili. Sheria nayo haiwekei ujinga mwanya mkubwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inataja kuwa ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumtumia akiwa mgonjwa au ameumia kiasi cha kutofaa kwa kazi, na kumnyima chakula au maji. Na haimtazami aliyeshika fimbo peke yake, kwani mmiliki anayeruhusu hayo yatendeke naye anahusika. Kwa hiyo kumtumia punda mwenye kidonda kibichi cha mgongoni kubeba matofali ni jambo linaloangukia ndani ya maneno ya sheria hiyo hata kama hakuna fimbo iliyoinuliwa.

Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Shilingi 3,000 leo ni bei ya mifuko michache ya saruji, ile ile anayobebeshwa punda. Nalitaja hili ili usijenge matumaini makubwa juu ya mahakama, na ili uelewe kwa nini ninakushauri kuanza mahali pengine.

Mahali hapo, kwa bahati yenu watu wa Lamu, papo. The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wana kliniki ya punda mjini kwenu tangu mwaka 1987, kando ya bahari, na matibabu yake ni bure. Miji mingi ya pwani haina kitu kama hicho. Kwa kesi kama yako, ambapo jirani ni mtu mwema na hakuna dalili kwamba amewahi kushauriwa akakataa, hatua ya kwanza ni kidonda kutibiwa. Hatua hiyo unaweza kuianza kwa maneno mepesi. Usimwendee mbele ya wanawe wala mbele ya yule kijana, na usianze na neno ukatili. Mwambie umeona kile kidonda hakiponi, na kwamba kliniki wanatibu bila malipo, na mwulize kama angependa mtu amsaidie kumpeleka punda asubuhi kabla ya kazi. Akiwa ni mtu wa msikitini, unaweza kumpitia imamu. Kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula kinajulikana na kila mtoto wa chuo, na kikitoka kinywani mwa imamu hakina harufu ya ugomvi wa majirani.

Nina neno pia juu ya yule kijana. Uulize analipwaje. Akiwa analipwa kwa kila safari, kama ilivyo desturi, basi kila dakika punda anapopumzika ni hasara yake, na fimbo haitaisha kwa kukemewa. Anayeweza kubadilisha hilo ni mwenye nyumba inayojengwa, au fundi wake, akikubali safari nyepesi na akakataa kupokea tofali lililoletwa na punda mwenye kidonda. Watu husahau kabisa kwamba mteja naye yumo katika mnyororo huu, na mara nyingi ni yeye mwenye pesa na mwenye kusikilizwa. Nimeona mkandarasi mmoja akimaliza kwa sentensi moja gatini jambo ambalo mimi nililihubiri kwa miezi.

Ukiona wiki mbili zimepita na shogi bado iko juu ya kidonda, hapo unaripoti, na sasa huna sababu ya kusitasita. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama kuwa kazi ya kaunti, kwa hiyo ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti haikufanyii hisani ikipokea taarifa yako. Ni wajibu wake. Peleka taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa mhuri au iliyotiwa saini na aliyeipokea. Iwe fupi. Kwa mfano: "Mnamo tarehe fulani, saa mbili na nusu asubuhi, kwenye kichochoro kinachotoka gatini kwenda mtaa fulani, niliona punda dume wa rangi ya kijivu, mwenye sikio la kushoto lililochanika, akiwa na kidonda kibichi juu ya uti wa mgongo chenye ukubwa wa kiganja. Alikuwa amebeba matofali manane. Nilimwona tena katika hali hiyo tarehe fulani na tarehe fulani. Picha tatu zimeambatishwa." Jina la mmiliki, kama unalijua, liandike mwishoni, mara moja tu. Usiandike alivyo mkali, wala deni lake, wala mambo ya mwanawe.

Polisi huja lini? Mara moja, bila kupitia hatua zilizotangulia, unapoona tendo lenyewe likiendelea: mnyama anapigwa akiwa chini, anakatwa, anachomwa, anapewa sumu, wanapiganishwa wanyama kwa kamari. Vilevile unapoona dalili za punda kuchinjwa usiku vichakani, maana biashara ya ngozi zake imewahi kuleta wizi mwingi Kenya. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, na ile ya 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hilo ni jambo dogo la kienyeji. Kituoni, hakikisha habari yako imeandikwa kwenye kitabu cha matukio (Occurrence Book, au OB) na upewe nambari ya OB. Afisa akikwambia kwamba punda si mtu, mtajie Sura ya 360 kwa upole, na umwombe aandike hata hivyo. Bila nambari ile, siku ya pili utasimulia kila kitu upya kwa afisa mwingine. Wakikwama wote wawili, kaunti na polisi, KSPCA, shirika la kutetea wanyama lenye makao yake Karen jijini Nairobi, lina uzoefu mrefu wa kesi hizi na linaweza kukushauri hata kama haliwezi kufika kwenu siku hiyo.

Yapo matatu ya kujiepusha nayo. La kwanza ni kuingia uani kwa mtu kupiga picha. Piga ukiwa njiani, penye haki ya kila mtu kupita. La pili ni kurusha picha mitandaoni zikiwa na uso au jina la mmiliki. Jambo hilo humtia mtu aibu, humfanya amfiche punda badala ya kumtibu, na laweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Na ikitokea umemkosea, kwa mfano punda yuko tayari kwenye matibabu, huwezi kuirudisha picha. La tatu ni kumfungua au kumchukua mnyama mwenyewe, maana mbele ya sheria utaitwa mwizi kabla ya kuitwa mkombozi. Na usimkaribie mnyama aliyeumia kwa nyuma. Kama siku moja taarifa yako itahusu mbwa, na akakuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Kwa wanaosoma hili wakiwa Tanzania Bara, njia ni ile ile kwa majina mengine: sheria ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, na mlango wa kwanza ni afisa mifugo wa kata pamoja na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji.

Nirudi kwa punda wako. Akifikishwa kliniki, kidonda kitasafishwa, mwenyewe ataambiwa siku za kupumzisha, na kishawishi kikubwa kitakuja siku ya saba au ya kumi, gamba litakapokuwa limekauka na kidonda kikaonekana kimefunga. Ngozi ya chini bado ni laini kama ya mtoto wakati huo, na mzigo mmoja tu unatosha kuipasua. Ndiyo siku ya kupita kwa jirani na kuuliza hali. Atakapotaka kumrudisha kazini, mwombe akuonyeshe shogi upande wa ndani kabla hajampakia. Kama ni ile ile, yenye damu iliyokauka na uzi uliosimama kama misumari, kidonda kitarudi pale pale kilipokuwa, na mbadilishane mawazo juu ya gunia jipya kabla ya kubadilishana tena juu ya dawa.